Muziki wa klasiki kwa sikio la solfa: mwongozo kamili kwa msikilizaji wa Kigoma

Mtu aliyeimba kwaya miaka miwili mitatu, akazoea kusoma d r m f s l t kwenye karatasi ya fotokopi iliyofifia, ana kifaa ambacho wengi wanaotamani muziki wa klasiki hawana. Anaweza kusikia wimbo, kuutaja kwa solfa, kuuimba, na kuutambua ukirudi baada ya dakika tano hata kama umebadilishiwa vyombo. Muziki huu umejengwa juu ya jambo hilohilo: wimbo mfupi unatajwa, unageuzwa, unafichwa, unarudi. Anayeutambua unaporudi ndiye anayefurahia. Asiyeutambua anasikia sauti nzuri zinazopita tu, na ikifika dakika ya kumi usingizi unamchukua.

Kwa hiyo hatuanzi na historia. Tunaanza na kipande cha dakika nne, tunakirudia mpaka kiingie mdomoni, ndipo tunasogea. Aliyekulia Ujiji na masikio ya taarab, ambaye hajawahi kukanyaga kwaya, asiogope: fidla zinazojibizana na mwimbaji anazijua tayari. Huyo aanze na Vivaldi hapo chini, na solfa ataipata kwa siku chache kwa mwanakwaya yeyote wa mtaani. Katika mwongozo huu, herufi yenye mkato mbele yake (s,) ni sauti ya chini, na yenye alama juu (d') ni sauti ya juu.

Chombo cha kusikilizia

Spika ndogo ya simu haifai. Haiwezi kutoa sauti nene, kwa hiyo selo na kontrabasi, yaani besi ya okestra, zinapotea kabisa na unabaki na fidla zinazolia juu kama mbu. Earphone za waya za kawaida zinatosha. Zipime hivi: fungua sehemu ya nne ya Simfoni ya 9 ya Beethoven. Inaanza kwa kishindo, inasitasita, halafu kwenye dakika ya tatu hivi selo na kontrabasi zinaanza wimbo huu, peke yake, kwa sauti ya chini sana:

m m f s | s f m r | d d r m | m r r

Ukiusikia wazi, earphone zako ni nzuri. Ukisikia kimya, au mngurumo usio na sauti maalumu, tafuta nyingine kabla ya kuendelea, maana hasara hiyo itakufuata kila mahali.

Wenye sabufa nyumbani wapunguze kitufe cha besi mpaka chini ya nusu. Sabufa nyingi zimepangwa kwa ajili ya bongo fleva na singeli, ambako besi ni mapigo. Kwenye okestra besi ni sauti ya nne, inaimba. Ukiiongeza inageuka kuwa "bu, bu, bu" na kuzifunika sauti ya pili na ya tatu. Spika ndogo za pembeni zitoe sakafuni, ziweke mezani zilingane na masikio ya aliyekaa. Kwenye simu, ingia mipangilio ya sauti uzime kila kinachoongeza besi.

Tatizo kubwa zaidi ni tofauti ya sauti ndogo na kubwa. Nyimbo tunazosikia redioni zina nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muziki wa klasiki unanong'ona, kisha unanguruma. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuongeza sauti pale panaponong'ona, na dakika mbili baadaye masikio yanauma. Dawa yake: ruka kwanza mpaka mwishoni ambako vyombo vyote vinapiga, pangilia sauti hapo iwe kubwa lakini isiyoumiza, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Kama mwanzo hausikiki, shida ni kelele za chumbani. Chini ya bati, mvua ya masika ikinyesha, usijisumbue. Hakuna okestra inayoshindana na mvua ya Kigoma. Saa nzuri ni alfajiri kabla ya bodaboda kuamka, au baada ya saa nne usiku.

Bando na kadi

Sauti ya kiwango cha kawaida (kilobiti 128 kwa sekunde) inakula karibu MB 1 kwa dakika. Kiwango cha juu (kilobiti 320) ni karibu MB 2.4. Simfoni ya 5 ya Beethoven yenye dakika 33 hivi ni MB 33 kwa kiwango cha kawaida, na oratorio (kazi ndefu ya kwaya na okestra) nzima ya Messiah, saa mbili na ushee, ni kama MB 140. Video ya kazi hizohizo inakula mara nyingi zaidi, kwa hiyo video iweke akiba kwa ajili ya opera tu. Memori kadi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 120, muziki wa kukutosha miaka.

Pakua usiku bando linapokuwa rahisi, usikilize bila mtandao. Si suala la gharama tu. Tangazo likiingia katikati ya Ave verum limeua kila kitu, na huwezi kuendelea pale ulipoishia kana kwamba hakikutokea kitu. Tovuti ya Musopen ina rekodi zinazoruhusiwa kupakuliwa bure. Kumbuka kwamba noti za watunzi waliokufa zamani ni mali ya wote, lakini rekodi ina wenyewe: waliopiga na waliorekodi.

Kusoma jina la kazi

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wimbo wa dansi una jina. Kazi ya klasiki ina anwani. Utakutana na maandishi kama haya:

Beethoven: Symphony No. 5 in C minor, Op. 67: I. Allegro con brio

Mtunzi ni Beethoven. Aina ni simfoni, kazi ya okestra nzima, ya tano kati ya tisa alizoandika. Kisha inatajwa ngazi: C ndogo, yaani ngazi inayotua kwenye la. Ingekuwa ngazi kubwa, ingetua kwenye do. Op. 67 ni namba ya kazi ilipochapishwa. Namba ya Kirumi I inasema hii ni sehemu ya kwanza, na maneno ya Kiitaliano mwishoni ni mwendo wake. Largo na adagio ni polepole, andante ni mwendo wa kutembea, allegro ni haraka na uchangamfu, presto ni mbio.

Namba ndiyo ya kuamini kuliko jina, kwa sababu haibadiliki kwa lugha yoyote. Bach ana BWV, Mozart ana K., Vivaldi ana RV, Handel ana HWV, Schubert ana D. Andika "Mozart K. 618" na utaletewa Ave verum corpus, si kitu kingine.

Epuka mikusanyo ya "saa tatu za Mozart za kutuliza akili". Mara nyingi ni vipande vilivyokatwa, vingine si vya mtunzi anayetajwa, vingine vimepigwa na kompyuta. Kanuni ni rahisi: kama hawakutaja okestra au mpigaji, acha. Na zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Simfoni ina sehemu tatu au nne zinazofuatana kama sura za kitabu; simu ikizichanganya, unasoma sura ya nne kabla ya ya kwanza.

Kazi ya kwanza: Haleluya

Georg Friedrich Handel, Mjerumani wa mji wa Halle aliyehamia London, aliandika Messiah mwaka 1741 kwa siku 24, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Haleluya inafunga fungu la pili kati ya matatu. Ni dakika nne. Huenda kwaya yako imeiimba Pasaka, au umeisikia kwa kwaya jirani, na ndiyo maana inatangulia: unaijua kutoka ndani, sasa utaisikia kutoka nje.

Isikilize mara tatu, kila mara na kazi yake.

Mara ya kwanza usifanye lolote. Kaa, sikiliza mpaka mwisho.

Mara ya pili fuata sauti yako tu. Kama wewe ni besi, shika besi tangu mwanzo, usidanganywe na soprano wanaofungua kwa d' s l s. Utagundua kuna mahali sauti zote nne zinaacha kugawana na kuimba wimbo mmoja kwa pamoja, kisha wimbo huohuo unawekwa chini ya "haleluya" za wengine. Baadaye, baada ya pale panapoimbwa kwa utulivu kuhusu ufalme wa dunia, besi wanaanza peke yao: "naye atatawala". Wanafuata teno, kisha alto, kisha soprano, kila mmoja na wimbo uleule juu ya wenzake. Huko kuingia kwa zamu kunaitwa fuga, na utakutana nako kwa Bach kila kukicha.

Mara ya tatu sikiliza vyombo tu. Fidla zinasema nini soprano wanaposhikilia "Mfalme wa wafalme" wakipanda ngazi moja moja? Tarumbeta zinaingia lini? Na mwisho, baada ya mfululizo wa haleluya za haraka, kuna kimya. Kabla ya haleluya ya mwisho, ile pana na ya polepole, kila kitu kinasimama. Katika kwaya kimya hicho ndicho kinachoharibiwa na mtu mmoja anayeingia mapema. Sasa sikia kinavyofanya kazi kikiachwa kiwe kimya.

Siku mbili baadaye isikilize tena. Usipite hapa mpaka uweze kuinyamazisha simu katikati na kuendelea kuimba kichwani.

Muziki usio na maneno

Hapa wengi wanakata tamaa, kwa sababu hakuna mashairi ya kushika. Shika solfa badala yake.

Joseph Haydn aliandika simfoni zaidi ya mia. Chukua namba 94, sehemu ya pili, iliyopigwa London mara ya kwanza mwaka 1792. Kabla ya kusikiliza, imba hii mara tano:

d d m m | s s m | f f r r | t, t, s,

Mtoto wa shule ya awali anaiweza. Fidla zinaupiga kwa upole, zinaurudia kwa upole zaidi, na kisha... mwache Haydn akufanyie mwenyewe, ila mkono utoke kwenye kitufe cha sauti. Baada ya hapo wimbo unarudi mara nne umebadilishwa. Chukua karatasi, andika 1, 2, 3, 4, na mbele ya kila namba andika neno moja la kilichobadilika. Mara ya kwanza fidla zinapamba juu ya wimbo. Mara ya pili wimbo unahamia ngazi ndogo, unakuwa mkali, kama mtu aliyebadilika uso ghafla. Mara ya tatu zumari la okestra, linaloitwa obo, linaushika na kuugawanya kwa mapigo ya harakaharaka. Mara ya nne okestra nzima, tarumbeta na ngoma. Karatasi hiyo yenye mistari minne inafundisha zaidi ya kitabu.

Ukiimaliza, ingia kwa Beethoven: Simfoni ya 5, sehemu ya kwanza, dakika saba hivi. Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, ndani ya ukumbi wenye baridi kali, kwenye tamasha lililochukua takribani saa nne, watu waliisikia mara ya kwanza:

m m m d — r r r t,

Mapigo matatu mafupi na moja refu. Ndiyo hiyo tu, na karibu kila kinachofuata kimetokana nayo. Kazi yako ni kuyatafuta yale mapigo manne. Yatapita kwenye fidla, yatakwenda kwa baragumu, na hata wimbo mpole wa pili unapoimba, besi zinayanong'ona chini yake. Kwenye rekodi nyingi, kati ya dakika ya nne na ya tano, katikati ya vurugu hiyo, kila mtu ananyamaza na obo moja inaimba peke yake kwa sekunde chache, polepole, kama mtu aliyebaki uwanjani wenzake wameondoka. Wasikilizaji wengi hawaioni mara ya kwanza. Ukishaiona hutaisahau.

Halafu sikiliza simfoni nzima. Angalia kiungo cha sehemu ya tatu na ya nne: hazitenganishwi. Ngoma inagonga chinichini, fidla zinapapasa gizani, sauti inakua, na mlango unafunguka kwa d m s, ngazi kubwa, na tromboni ambazo zimekaa kimya tangu mwanzo zinaingia kwa mara ya kwanza. Hapa simu nyingi zinaharibu: faili mbili zilizotenganishwa zinaacha nusu sekunde ya kimya katikati, na ule mlango unafunguka mara mbili. Tafuta programu ya kupigia muziki isiyoacha pengo, au pakua simfoni ikiwa faili moja.

Mtu huyu alikuwa anapoteza uwezo wa kusikia. Mwaka 1802 aliwaandikia ndugu zake akikiri uziwi wake na jinsi alivyofikiria kukata tamaa na uhai. Simfoni ya 5 ilikuja miaka sita baadaye. Ya 9, tarehe 7 Mei 1824, ilipigwa yeye akiwa jukwaani ilhali hasikii, ikabidi mwimbaji mmoja amgeuze auone umati unaoshangilia.

Kwa masikio ya fidla: Vivaldi

Antonio Vivaldi alizaliwa Venice mwaka 1678, akawa padri, na kwa miaka mingi akafundisha fidla kwenye nyumba ya kulelea wasichana yatima iliyoitwa Ospedale della Pietà. Okestra ya wasichana hao ilisifika Ulaya. Mwaka 1725 alichapisha koncheto nne za majira ya mwaka. Koncheto ni mazungumzo ya chombo kimoja na okestra, sehemu tatu, kwa kawaida haraka, polepole, haraka. Mpenzi wa taarab ataelewa mara moja nani anauliza na nani anaitikia.

Anza na majira ya baridi, RV 297, dakika nane au tisa. Baridi hiyo hatuijui huku, lakini sehemu ya pili tunaijua sana. Fidla moja inaimba wimbo mpana, mtulivu, na chini yake fidla nyingine zinadonolewa kwa vidole: ni matone ya mvua nje, wewe uko ndani karibu na moto. Dakika mbili tu. Kisha chukua majira ya kuchipua, RV 269, sehemu ya pili. Mchunga mbuzi amelala, na chombo cha sauti ya pili, viola, kinapiga noti mbili nzito tena na tena. Vivaldi aliandika kwenye noti kwamba huyo ni mbwa anabweka. Usipomsikia mbwa, rudi kwenye suala la earphone.

Mto: Smetana na Malagarasi

Kati ya kazi zote tunazopendekeza, hii ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa Kigoma. Bedřich Smetana, Mcheki, aliandika Vltava mwaka 1874, mwaka uleule alipokuwa kiziwi. Ni mto wa kwao ulioandikwa kwa okestra, dakika 12 au 13. Usikilize ukiwa na Malagarasi kichwani, tangu vijito vya mpakani na Burundi, mabwawa na matete, Uvinza, maporomoko ya Igamba, mpaka unapomwagika Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji.

Filimbi zinaanza, zinazungukazunguka: chemchemi ya kwanza. Klarineti zinajiunga: ya pili. Maji yanaongezeka, na baada ya kama dakika moja mto wenyewe unaanza kuimba kwa fidla:

m, l, t, d r m m | f f m

Ni ngazi ndogo, inayotua kwenye la. Imba mpaka uizoee, kwa sababu kila kitu kinategemea hapo. Mto unapita msituni, baragumu za wawindaji zinalia. Unapita kijijini penye harusi, watu wanacheza. Usiku unaingia, mwezi juu ya maji, fidla zimefunikwa sauti. Hapo funga macho ufikirie taa za wavuvi wa dagaa zilivyopangika ziwani usiku usio na upepo. Wimbo wa mto unarudi, kisha maporomoko: kila chombo kinapiga ukingo wa mwamba.

Sasa sikiliza kwa makini. Mto unapotoka kwenye maporomoko, umepanuka, na wimbo ni uleule, lakini hauimbiki tena kwa la. Ukijaribu l, t, d sikio linakataa. Umekuwa:

s, d r m f s s | l l s

Umehamia do. Sauti mbili zimepandishwa nusu hatua, na mto mzima umetoka kivulini. Huo ndio uzuri tuliokuwa tunauzungumzia tangu mwanzo. Hauhitaji kuelezwa na mtaalamu yeyote, unahitaji mtu aliyeimba wimbo ule mara kumi kabla.

Vipande viwili vya kuongezea. Sehemu ya pili ya Simfoni ya 9 ya Dvořák, iliyopigwa New York mara ya kwanza Desemba 1893, ina wimbo wa m s s, m r d, r m s m r. Hauna fa wala ti, ni ngazi ya sauti tano tunayoikuta kwenye nyimbo nyingi za asili za Afrika, na utakaa nawe siku nzima. Na Boléro ya Ravel ya mwaka 1928: ngoma moja ndogo inarudia pigo lilelile robo saa nzima huku vyombo vikipokezana wimbo. Ni darasa bora la kujua filimbi, klarineti, fagoti, saksafoni kwa sauti zao. Inaanza kwa sauti ndogo mno, kwa hiyo zingatia yale tuliyosema kuhusu kitufe.

Kuwafahamu watunzi

Mtunzi mmoja kwa mwezi anatosha. Chukua kazi zake tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Soma maisha yake baada ya kusikiliza ya kwanza, si kabla, maana ukitangulia na hadithi utasikia hadithi badala ya muziki.

Johann Sebastian Bach (1685–1750), aliyeongoza muziki wa makanisa ya Leipzig kuanzia 1723, asianzwe na fuga za kinanda. Anza na utangulizi wa suti ya kwanza ya selo (suti ni mfululizo wa vipande vya dansi), BWV 1007: chombo kimoja, dakika mbili na nusu, na bado unasikia kama sauti mbili tatu. Kisha koro ya kantata BWV 147, inayopigwa kwenye arusi dunia nzima. Kubwa ni Mateso kwa Mathayo, karibu saa tatu, iliyoimbwa Ijumaa Kuu. Ilisahaulika mpaka Mendelssohn alipoiongoza tena Berlin mwaka 1829. Ndani yake kuna tenzi za sauti nne ambazo mwanakwaya atazishika palepale.

Mozart (1756–1791) alikufa na miaka 35. Ndogo: mwanzo wa Eine kleine Nachtmusik, d s, d s, d s, d m s. Ya kati: koncheto ya klarineti, K. 622. Kubwa: Requiem, aliyoiacha haijaisha na mwanafunzi wake Süssmayr akaimalizia.

Schubert (1797–1828) aliishi miaka 31 na kuacha nyimbo zaidi ya 600. Ile Ave Maria yake hakuiandika kwa ajili ya kanisa: maneno yake ya asili ni ya msichana katika shairi la Walter Scott. Na Ave Maria nyingine maarufu ni ya Gounod, aliyeweka wimbo wake juu ya utangulizi wa Bach. Maharusi huwa wanaomba moja wakapigiwa nyingine.

Usidhani orodha hii ni ya Wazungu tu. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa, akawa mpigaji fidla na kiongozi wa okestra mkubwa wa Paris. Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912) wa London alikuwa na baba kutoka Sierra Leone. Fela Sowande wa Nigeria aliandika African Suite mwaka 1944. Iweke kwenye mwezi wa pili au wa tatu, ni nyepesi kuingia.

Kazi ndefu zigawe. Messiah ina mafungu matatu: Jumapili tatu. Opera soma kisa chake kwanza, kisha tazama tendo moja kwa siku, na hapo ndipo video inastahili bando.

Kusikiliza pamoja, na kuimba

Watu sita, sabufa moja, kipande kimoja kisichozidi robo saa. Mmoja aandike wimbo mkuu kwa solfa ubaoni, wote waimbe mara tatu, ndipo muziki uwashwe. Anayezungumza katikati aombwe kwa upole asubiri. Ukiisha, kila mtu aseme aliusikia wimbo ukirudi mara ngapi, na kwa chombo gani. Watabishana, washeni tena.

Kwaya ikitaka kuimba, kazi ya kuanzia ni Ave verum corpus, K. 618, aliyoiandika Mozart Juni 1791 kwa ajili ya kiongozi wa kwaya wa mji mdogo wa Baden. Ni baa 46, dakika tatu, sauti nne. Noti zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP, na kwenye maktaba ya noti za kwaya ya CPDL. Zipo kwa mistari mitano, hivyo mwalimu wa kwaya atazihamishia solfa: alama mbili za kupandisha mwanzoni maana yake Do=D. Sehemu tatu ndizo zinazoangusha kwaya.

Ya kwanza iko mwanzoni kabisa, soprano wanaposhuka s fe f, nusu kwa nusu. Wengi wanaruka moja kwa moja hadi f na wimbo mzima unashuka ufunguo. Wafundishe bila kinanda, polepole, s fe s fe, mpaka fe ikae, ndipo waongeze f. Ya pili ni kwenye "cujus latus": wimbo unahamia F. Mwalimu akiendelea kuandika kwa Do=D karatasi itajaa vipandisho na vishusho ambavyo hakuna atakayevisoma; abadilishe do hapo, aandike noti ya daraja wazi, na kila sauti izoee baa mbili za kabla na mbili za baada peke yake. Ya tatu ni nguvu. Mozart aliandika mwanzoni agizo la sotto voce, sauti ya chini. Kwaya iliyozoea kujaza kanisa bila maikrofoni itaimba kwa kifua, na wimbo utavunjika kwenye noti ndefu za mwisho kwa kukosa pumzi. Gawanyeni pumzi: kwenye kila sauti nusu wavute mahali pamoja, nusu mahali pengine, kusiwe na tundu. Mazoezi ya wiki nne, mara mbili kwa wiki, yanatosha kwa kwaya ya watu 16 hadi 24, na wiki ya nne yote iimbwe bila karatasi.